Kwa Nini Gemu ya Zamani Bado Iko Mezani

Katubuka,
Kigoma.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Telesphory,

Mwakeye! Huenda barua hii ikakufikia jioni, lakini salamu ya asubuhi ya kwetu haioni tabu kusafiri. Hujambo wewe? Mama Yunisi hajambo? Na Yunisi mwenyewe, mwanangu ambaye shangazi yake hajapata hata kumbeba, meno ya mbele yaliyong'oka yameshaota tena? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kusimama kazini kutwa umepoa, au bado unakaza tu meno kama Baba?

Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu sana. Tangu atolewe mtoto wa jicho anaona vizuri, na sasa mwenye shida ni mimi. Anaona vumbi la juu ya kabati, anaona punje ya mchele iliyoanguka chini ya jiko, na kila anachokiona ananiita. Juzi alikwenda misa kwa miguu yake, bodaboda akaikataa, akasema aliyeponywa macho hapaswi kupitishwa haraka mbele ya vitu vya kutazama.

Ziwa limerudi nyuma kidogo. Kibirizi, pale tulipokuwa tunaanika dagaa, mchanga umeanza kuonekana, ingawa zile nyumba zilizoingiwa na maji bado zimesimama hazina milango. Wenzangu wengine wamesharudi na chanja zao za kuanikia. Mimi sirudi. Ziwa ndilo lililonitoa kwenye dagaa nikaja kufungua kibanda cha gemu huku juu, na nimekipenda kibanda changu.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza, nikaurudia. Yona, aliyekuja likizo kutoka huko kwenu, amekuambia kwamba ile mashine mpya uliyonitumia, pamoja na kofia yake ya kuvaa machoni, imo ndani ya sanduku chini ya kitanda cha Mama, na kwamba kibandani watu wanacheza ile ile ya zamani. Yona hajakudanganya. Ulisema, "Dada, kama hukuitaka ungeniambia tu." Hukusema kwa hasira, lakini nimekulea, najua sauti yako ikiumia inavyokuwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningekukatiza, tungeishia kuulizana habari za hali ya hewa.

Sikuandikii kuomba radhi, kwa sababu hakuna aliyekosa. Nakuandikia ujue kilichotokea tangu sanduku lile lilipofunguliwa. Ukifika mwisho nadhani tutakuwa kitu kimoja.

Mwanzo ulikuwa sherehe. Habari zilifika Mwanga, zikafika Ujiji, watu wakaja hata wale ambao kwao gemu ni upuuzi. Dismasi, yule mnunuzi wa dagaa mwenye kifua kama pipa, alivaa kofia akajikuta juu ya ubao mwembamba kati ya maghorofa mawili. Telesphory, mtu mzima yule alipiga kelele, "Nishikeni! Jamani nishikeni!" akalikumbatia pazia la mlangoni akaanguka nalo. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Siku hiyo nilikuombea kila aina ya baraka.

Lakini kicheko kile hakikujirudia. Ukishamwona mtu mmoja akilikumbatia pazia, wa pili hakushangazi. Nikaanza kuona jambo ambalo sikulitegemea. Aliyevaa kofia alikuwa peke yake huko alikokwenda, na sisi wengine kazi yetu ikawa kumtazama mgongo. Benchi likanyamaza. Wewe unalijua benchi la kibanda cha gemu, au labda huko mmelisahau. Kwenye mashine ya zamani wawili wanacheza, na benchi zima linacheza kwa mdomo: huyu kocha, huyu mwamuzi, huyu mtangazaji, na aliyefungwa anapisha. Kwenye kofia watu walikaa kama wanasubiri kuitwa kwa daktari. Mmoja mmoja wakaanza kuinuka.

Halafu kulikuwa na lile kufuli. Umeme ukikatika na kurudi, nawe unaujua umeme wetu, mashine inaniuliza mimi ni nani. Nikijibu, haikubali, inasema imetuma namba ya siri kwenye simu ya mwenyewe. Mwenyewe ni wewe, uko zamu Uholanzi, simu imefungiwa kwenye kabati la kazini. Basi mteja anakaa na pedi ya kuchezea mkononi, yeye na wenzake wanatazama duara linazunguka kwenye flati, ile runinga ya kibandani. Namba ikija, mashine inasema sasa inataka kujisasisha, na bando langu lote linakwenda humo. Siku moja mteja aliniuliza, "Dada Leonia, hii mashine ni yako au umeazimwa?"

Nikamwita Armelle aitazame. Huyu ni binti wa Mzee Habonimana, jirani zetu wale waliotoka Burundi zamani wakapewa uraia. Ulimwacha mdogo, sasa ana meza yake ya kutengeneza simu pale sokoni Mwanga. Aliigeuza mashine yako huku na huku, akaipapasa pembeni, akanirudishia.

"Sioni pa kuifungulia bila kuivunja," alisema. "Labda waliokomaa kuliko mimi. Ile yako ya zamani ina skrubu, naifungua nimefumba macho."

Ni kweli ameifungua mara nyingi. Raba za vitufe amezitoa kwenye rimoti iliyokufa. Feni imetoka kwenye mashine nyingine kabisa. Siku ya kwanza alipoifungua ndani ilinuka dagaa, kwa maana kabla ya kuhamia huku juu ilikaa kule kule ufukweni kwenye dagaa, na alicheka akaniuliza kama nilikuwa naianika. Plastiki yake imekwaruzwa, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na inafanya kazi.

Haya yote ningeyavumilia, kwa sababu yametoka kwako. Kilichonifanya niifunge sandukuni ni kingine.

Mbele ya nyumba yetu, akitazamana na kibanda, anakaa Astérie, muuza vitenge. Mwanawe Ndayisenga alitoka shule akapitia kibandani akavaa kofia. Alikaa nayo kitambo, akaivua akiwa ameloa jasho. Nilimpa maji, nikamwambia apumzike, akasema yuko sawa. Hakufika mbali. Alitapika mbele ya mlango wa mama yake, akalala hata viatu hajavua. Mama yake anamwita, yeye anajibu mambo yasiyoeleweka. Kwa kweli ilikuwa kizunguzungu tu, baadaye aliamka akadai chakula. Lakini kabla hajaamka mtaa ulikuwa umeshapata habari yake: kofia ya Leonia inanyonya akili za watoto.

Asubuhi walinijia. Astérie alikuwa mbele, kitenge amekikaza kiunoni, na nyuma yake wanawake ninaosali nao, ninaokopeshana nao chumvi. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Wilfred, akasema tusizozane barabarani, tukutane Jumamosi mbele ya kibanda tuamue. Nilijua wanachotaka kuamua. Walitaka mlango ufungwe, gemu zote, mpya na ya zamani. Na kibanda kile ndicho kinachotulisha mimi na Mama. Siku zile nilipika ugali nikashindwa kuumeza. Mama aliniambia, "Kula. Mwenye njaa hajui kujitetea." Nikala.

Jumamosi waliitika wengi. Mzee Wilfred aliketi kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, akaanza taratibu.

"Leonia, mwanangu, wazazi wamelalamika. Una neno?"

"Shikamoo Mzee. Ninalo. Kofia nimeshaitoa, haitavaliwa tena na mtoto humu. Mama Ndayisenga, pole. Mtoto wako angekuwa wangu na mimi ningekuja na kitenge kiunoni."

Nilidhani hilo litapoza mambo. Astérie akasimama.

"Kofia, siyo kofia, mashine zote ni ndugu. Zinawafungia watoto wetu ndani, nyuma ya pazia, hatujui wanafanya nini. Funga!"

Wengine wakaitikia, "Funga!"

Telesphory, hapo sikutetereka. Nilijua kitu ambacho wao hawakukijua, nao hawakukijua kwa sababu hawajawahi kuingia.

"Mama Ndayisenga," nikamwuliza, "umewahi kukaa kwenye benchi langu?"

"Nikae nitafute nini?"

"Kaa leo. Ukiinuka ukasema nifunge, nitafunga mwenyewe, nitakupa ufunguo mkononi."

Armelle alikuwa ameshatoa flati na mashine ya zamani chini ya paa la mbele, amevuta waya mrefu kutoka ndani. Nikampa Astérie pedi moja, ya pili nikampa Mzee Wilfred. Watu wakaguna. Mzee alikataa kwanza, akasema yeye ni kiongozi. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba kiongozi anaogopa kufungwa na mwanamke. Mzee akaipokea pedi.

Astérie aliishika juu chini. Armelle akamgeuzia, akamwonyesha: hiki cha kukimbia, hiki cha kupiga. Mpira ukaanza. Wachezaji wake walizunguka kama kuku waliokatiwa kamba, wa Mzee nao walikimbilia goli lao wenyewe. Hakuna aliyekuwa anajua anachokifanya. Ndipo nikasikia sauti, "Mama, kulia! Kulia kwako, piga sasa!" Alikuwa Ndayisenga. Alikatazwa kukaribia, lakini nani angeweza kukaa mbali? Na dada mmoja wa kwaya, mmoja wa wale waliokuwa wanasema funga, akadakia, "Usimsikilize, toa pasi! Toa pasi, Astérie!"

Astérie alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Mpira ukagonga mguu wa mtu, ukagonga mwamba, ukaingia.

Akamgeukia Armelle. "Lile limeingia? Nimelifunga mimi?"

"Umelifunga wewe, Mama!"

Alipiga vigelegele, Telesphory, vigelegele vya harusi. Alimkumbatia mwanawe, akanikumbatia mimi, akakumbuka kwamba amekuja kunishtaki, akaniachia. Mzee Wilfred alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, kofia yake ya kiongozi imegeuka upande.

"Mimi sikuwa tayari!" alisema. "Hilo halihesabiki. Turudie!"

Watu wote wakacheka, na yeye mwenyewe akajicheka. Kikao kiliishia pale, ingawa tuliendelea kuketi mpaka jua likapungua makali. Wakarudia, wengine wakapokezana pedi, aliyefungwa akapisha.

Mwisho tulikubaliana kama watu wazima. Mwenye sare ya shule haingii kabla ya masomo kwisha. Gemu za kuuana watoto hawachezi. Na Astérie akatoa sharti lake, ambalo namshukuru nalo hadi leo: pazia liondoke. "Pazia ndilo lililonitia hofu," alisema. "Mlango ukiwa wazi nitamwona mwanangu nikiwa pale pale kwenye vitenge." Nililing'oa mbele yao. Sasa anayepita njiani anaona flati, anaona benchi, anasimama kidogo, na wengi wanaosimama kidogo huishia kukaa.

Siku hizi Jumamosi mchana ni zamu ya akina mama. Usicheke, ni kweli. Astérie amekuwa hatari, ameshamzoea mchezaji mmoja wa pembeni, anamwita mkwe wangu. Akifungwa hasalimii mtu njia nzima. Mzee Wilfred naye hupita "kukagua".

Tangu siku ile nimewaza sana kwa nini kitu kimoja watu hukichoka na kingine hawakichoki. Zamani nilidhani kinachodumu ni kile kilicho imara, au kilicho kipya zaidi. Sasa siamini hivyo. Unalikumbuka lile gari la betri alilotuletea Baba Mdogo kutoka Dar es Salaam, jekundu, lenye taa? Betri ziliisha, mpya hazikupatikana, Mama akaliweka juu ya kabati tusiliharibu. Bado liko pale. Nimelishusha juzi nikalifuta vumbi. Linang'aa, halina hata mkwaruzo, kwa sababu hakuna aliyelichezea. Lakini tairi letu la baiskeli, lile tulilolisukuma kwa kijiti mpaka Ujiji tukachapwa kwa kuchelewa, nililirithi kwa wakubwa, nikakuachia wewe, nawe sijui ulimwachia nani. Hakuna aliyejua lilianza kwa nani. Lilipopinda tulilinyoosha kwa jiwe. Na lilikuwa na wakimbiaji nyuma yake siku zote.

Ndiyo maana nasema kwa uhakika kabisa: watu hukaa na kile wanachoweza kukitengeneza wenyewe kikiharibika, kinachompa nafasi mwenzao, na kinachomfanya aliyeshindwa aseme turudie. Uzuri wa picha ni wa siku ya kwanza. Mashine yako ina picha nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, sikufichi. Lakini siku ile ya kikao ningeitoa hiyo nje, Astérie angevaa kofia peke yake, na leo ufunguo wangu ungekuwa kwake.

Sasa nisikilize vizuri. Sijaitupa zawadi yako, wala sitaiuza. Armelle amenieleza kwamba hata bila kofia mashine ile inachezeka na watu wawili, ila nina pedi moja tu, na inakujua wewe, hainijui mimi. Basi kaa siku ya mapumziko, nipigie, tuibadilishe jina kwa pamoja mpaka initambue mimi kama mwenye nyumba. Kisha nitafutie pedi ya pili. Ukifanya hayo, itatoka chini ya kitanda siku hiyo hiyo, itakaa mezani pembeni ya ile ya zamani, na nitawaambia wote ni ya mdogo wangu Telesphory. Kofia nitaihifadhi kwa watu wazima wenye hamu ya kuyakumbatia mapazia. Dismasi ameshaniuliza.

Kuhusu neno ulilomalizia nalo ule ujumbe, kwamba labda huku hatukuhitaji tena, hilo lifute. Siku sanduku lile lilipofika Mama aliipapasa kwanza karatasi ya juu, pale ulipoandika jina lake kwa mkono wako, kabla ya kuuliza ndani kuna nini. Macho yalikuwa bado hayajatibiwa, akazifuata kwa kidole alama ulizozikandamiza kwa kalamu. Akasema, "Bado anaandika V ya jina langu kwa mkia." Karatasi ile ameikata ameiweka kwenye Biblia. Unaona mwenyewe kama unahitajika.

Yona anarudi huko mwisho wa mwezi huu, ndiye anayebeba barua hii. Nimempa na mzigo wa Yunisi, naomba usiufungue mbele yake, aufungue yeye. Ni kiboti cha mbao. Mjomba Erasto amekichonga kule Ilagala, akakifuata kila kipimo cha boti za abiria zinazoshuka kusini: benchi za ndani, paa la turubai, mahali pa injini, hata kibao cha kukalia nahodha. Usukani ni kipande cha ndala. Tumekijaribu majini, kinaelea, hakilali upande.

Utaona ubavuni pameachwa patupu. Mjomba alitaka kupaka rangi na kuandika, nikamzuia. Unajua kwetu boti haiingii majini bila jina. Mwambie Yunisi jina ni juu yake, liwe la Kiha, la Kiswahili, au la hao Waholanzi. Mpe brashi, kaa naye chini, na hata akikosea herufi usimsahihishe. Mkimaliza mpeleke kwenye ule mfereji unaopita karibu na nyumba yenu, mkishushe majini wote wawili, kisha unipigie uniambie boti inaitwaje.

Mama, Mjomba Erasto, Armelle na baba yake wanakusalimu. Astérie anasema akija huko atakufunga. Msalimie sana Mama Yunisi, mwambie wifi yake anamkumbuka.

Mungu awalinde kwenye baridi hiyo, awape kazi na nguvu za kuifanya, na siku moja awarudishe wote watatu mlangoni kwangu. Mlango uko wazi, hauna pazia.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata unaponinunia,

Leonia